Mkate wa Tatu

Mwanamke yule alirudi kwenye foleni mara ya pili, safari hii bila kilemba, kana kwamba kuvua kitambaa kichwani kunambadilisha mtu sura.

Waliokuwa nyuma yake walimwona, wakaguna. Katika kambi ile ya mahema huko Isipingo, Aprili ya 2015, wageni waliofukuzwa majumbani mwao na wenyeji walikuwa wengi, na mikate ililetwa na gari moja tu kutoka Mobeni. Mtu mmoja, mkate mmoja. Ukichukua wa mwenzako, mtoto wake analala njaa. Mwenye haya hahitaji kuelezwa.

"Mama, si ulishapata?" aliuliza Ildephonse, fundi viatu. "Na siye tuko na watoto."

Mwanamke alikaza macho mbele, kwenye meza ambako wanafunzi wa shule moja ya Umlazi walikuwa wakigawa.

Zamu ya mkate ilikuwa ya Nokuthula, kiranja wa miaka kumi na mitatu, binti mkimya anayelelewa na gogo, yaani bibi yake. Wenzake waliwacheka wageni chinichini, wakiigiza Kizulu chao kibovu. Yeye hakucheka wala hakuinua uso. Alitoa mkate, akasema "Next," akatoa mwingine. Mwalimu alimpenda kwa hilo. Asubuhi alikuwa amemwonya waziwazi: watu wakirudia, mikate itaisha kabla ya foleni, hapa patachimbika, na wewe ndiye utakayejibu.

Mwanamke alipofika mezani alipokea mkate kwa mikono miwili. Halafu, sijui ujasiri aliutoa wapi, akashika mkono wa sweta la yule binti na kuuvuta chini ufunike kifundo. Haukufika.

"Next," alisema Nokuthula.

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia Nokuthula akanawe mkono.

Mara ya tatu alikuja amevaa koti la kiume. Hapo watu uvumilivu ukawaisha. Ildephonse alipaza sauti, kina mama wakaanza kumsukuma atoke, na mwalimu akaja mbio. Kwenye kreti ilikuwa imebaki mikate michache tu.

"Eish, huyu mama ana tamaa," alisema mwalimu kwa Kizulu. "Nokuthula, mtazame vizuri. Unamjua? Alishapita hapa?"

Binti aliinua uso kwa mara ya kwanza siku ile. Alimtazama mwanamke usoni.

"Simjui, ma'am."

"Una hakika?"

"Simjui."

Mwalimu alishusha pumzi. "Kweli, wote wanafanana. Haya, mpe."

Mwanamke akapokea, akaondoka ameinamisha kichwa. Mikate ikaisha, na Ildephonse alikuwa miongoni mwa waliokosa. Alitema mate chini, na hakuna aliyemlaumu.

Hemani, Léonce alikuwa amelala juu ya maboksi, mguu umefungwa bandeji. Alimwona mkewe akiipanga mikate mitatu kando ya kichwa chake, hakuna hata mmoja uliofunguliwa.

"Mitatu, Félicité? Tuko wawili tu hapa. Unataka na hawa nao watufukuze?"

"Nitawarudishia. Mmoja nampelekea Ildephonse sasa hivi." Aliketi. "Sikufuata mkate."

"Sasa ulifuata nini?"

Félicité alijifuta uso kwa mkono wa lile koti.

"Iteka wetu amerefuka, Papa Iteka. Sweta la shule limeshakuwa fupi mikononi. Na mara zote tatu hakunijua, kama tulivyomfundisha tulipomficha kwa yule gogo."