Bangili ya Saumu

Haya nilisimuliwa na Mwanahawa, binti wa mdogo wangu, Jumamosi iliyopita tulipokuwa tukichambua mchele.

Siku hizi mwenye ugonjwa wa Tourette, ule wa kukonyeza macho na kuguna bila kutaka, humvika mtu mwingine bangili, huyo akambebea mishtuko yake kila mchana, mgonjwa akapumzika. Mbebaji ni mmoja tu, na mgonjwa ndiye huchagua. Rukia wa miaka tisa alimwacha Mwanahawa, mama yake mzazi, akamchagua Saumu, mke mwenza.

Wivu ulimkaba Mwanahawa. Kila Saumu alipoguna jikoni, yeye aliona kama kavaliwa kanga yake.

Siku moja Saumu alipoingia kuoga, aliiacha bangili dirishani. Mwanahawa akaivaa. Kitu kikampanda shingoni kama chafya. Akakibana, kikazidi. Akakibana hata machozi yakamtoka, kisha kichwa kikaruka na koo likaguna mara tatu.

“Mama, kumbe ni wewe?” Rukia aliuliza kutoka mkekani.

“Ni mimi. Ndivyo inavyokuwa?”

“Ndivyo. Wewe huniambia nijizuie, wageni wanatazama. Ukiizuia inarudi na wenzake. Mama Mdogo huiachia tu, tukacheka.”

Saumu akatokea, maji yakimchuruzika. “Dada, nipe bangili yangu.”

“Yako? Huyu ulimzaa lini?”

Saumu akaenda kujilaza chumbani kwake, akalala. Mwanahawa hakuvua. Aliketi akiguna, akimtazama Rukia, mpaka usingizi ukamchukua mtoto, uso kaugeuzia mlango wa Saumu.