Kengele ya Jumatatu

Mikutano ya Jumatatu katika kiwanda cha sabuni ilikuwa ikiwachosha watu, mpaka Mwanakheri, msimamizi mpya, alipoleta kengele ndogo ya mkononi. Mtu akirefusha maneno anaipiga; ikilia, msemaji anakaa. Kazi zikawa zinaanza mapema, na watu wakamshukuru.

Leo kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu. Mzee Kitwana, mpishi wa sabuni, alizikwa jana.

"Mwenye neno juu ya mzee na aseme," Mwanakheri alisema.

Salome wa kufungasha alisimama. "Nilipokuwa mjamzito alinipisha pale penye upepo. Akadai eti baridi inamsumbua. Na joto lile!"

Watu walicheka huku wakifuta macho.

"Jumatatu iliyopita alikuwa na jambo," Mwanakheri alisema polepole. "Kuna anayelijua?"

Hakuna aliyelijua. Mzee hakuwa mtu wa kuingia kwenye jambo moja kwa moja. Siku ile alianza na jogoo wake, kama kawaida yake, na kabla hajamaliza habari za jogoo kengele ikalia. Akatabasamu, akakaa. "Haya, mwanangu. Litangoja."

Salome alikuwa bado amesimama. "Samahani, dada, nimezidisha."

"Endelea," Mwanakheri alisema. "Tuambie na habari za yule jogoo."

Salome akaanza kusimulia. Mwanakheri alikuwa ameipakata kengele, kidole chake kimeubana ulimi wa kengele usigonge.