Maji Matamu Chini ya Sakafu

"Wananchi wa gati hili!" alitangaza mzee kutoka juu ya paa la mashua yake ya tanga, kofia kifuani, kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka yote kwenye paredi ya Jumatatu. "Leo, bila kuahirisha, bila kusitasita, bila kutazama nyuma, mwalimu mstaafu wa jiografia anavuka bahari peke yake!"

Hapo pampu ya mashua ikakohoa, ikatapika maji ubavuni, yakawarukia viatuni waliokuja kumuaga.

"Kumbe kesho tena, Nahodha?" mmoja akapaza sauti, na gati zima likaangua kicheko. Ndilo jina walilokuwa wamempa: Nahodha Kesho. Safari ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, na mara zote kwa sababu moja. Asubuhi ya kuondoka, ngama, yaani lile tumbo la mashua chini ya mbao za sakafu, ilikutwa imejaa maji.

Binti yake, fundi bomba, hakucheka. Alishuka ndani, akafunua ubao, akachovya kidole, akaonja.

"Ya chumvi?" kaka yake aliuliza kwa matumaini ambayo hakuyaficha vizuri.

"Matamu. Bahari haihusiki."

Yangekuwa ya chumvi, mashua ingekuwa imetoboka. Maji matamu yalikuwa na chanzo kimoja tu: tangi la maji ya kunywa, chini ya kitanda cha baba. Na tangi likiwa tupu hakuna safari, maana hakuna mtu aliyevuka bahari kwa kuinywa.

"Basi imetosha," alisema mama, ameketi pembeni na chupa ya chai mapajani. "Mungu amesema. Mwiteni baba yenu, twendeni nyumbani."

"Mungu hajasema kitu, mama. Limesema bomba, na lugha ya mabomba naijua mimi."

Siku mzee alipotoboa siri ya safari hii, mama alilia na kaka alicheka. Binti peke yake ndiye aliyekwenda kuchukua sanduku lake la vifaa. Kila paipu ya mashua ile aliifunga kwa mikono yake, kwa hiyo kila kicheko cha gatini kilikuwa kinamchoma mara mbili: kama mtoto, na kama fundi. Alikuwa ameapa kwamba leo baba ataondoka, wapende wasipende.

Jana jioni alikuwa ametega mtego. Kila kiungo, kuanzia tangini hadi kwenye bomba la jikoni, alikizungushia karatasi ya chooni. Kiungo kinachovuja kingejisaliti chenyewe kwa kuilowesha. Sasa akawasha tochi, akalala kifudifudi, akaanza kukagua. Cha kwanza, kikavu. Cha pili, kikavu. Akatambaa hadi cha mwisho, vumbi likimwingia puani. Karatasi zote zilikuwa kavu kama mkate wa bwenini.

Akagonga tangi. Likalia kama debe.

Fundi akakaa kitako, akajifuta uso. Tangi tupu, ngama imejaa, na maji hayakuvuja njiani. Basi yalibebwa. Mtu alikinga ndoo pale kwenye bomba la jikoni, akafunua ubao, akamwaga, akarudi kukinga nyingine.

"Mashua haivuji," akasema polepole. "Inahujumiwa."

Baba alikuwa ameshuka, amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi. "Achana nayo, mwanangu. Labda tangi lina ufa."

"Tangi nimelikagua, baba. Halina hata mkwaruzo. Nani anamwaga?"

Mama aliitazama chupa ya chai kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Mara ya kwanza ni mimi," akasema. "Nilimletea blanketi, nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi kama mtoto mchanga. Nikajiuliza, huyu ndiye anayekwenda kupigana na mawimbi? Nikatafuta ndoo."

"Ya pili ni mimi," kaka akadakia. "Na mgongo unaniuma hadi leo, kwa taarifa yenu."

Binti akawaka. "Hamna haya! Mtu amewachorea watoto wa wenzake bahari kwa chaki maisha yake yote. Leo anataka kuigusa, nyinyi mnamfungia kama kuku! Mnaoogopa ni nyinyi, msimsingizie. Yeye haogopi! Najaza tangi sasa hivi, na nitalikalia mpaka kamba zifunguliwe. Atakayegusa ndoo namtupa majini, awe kaka, awe mama!"

"Adabu, we mtoto," mama alisema.

"Adabu itafuata. Nani amemwaga ya leo?"

Mama akamtazama kaka. Kaka akamtazama mama.

"Mimi nimelala kwako," mama akamwambia binti. "Umesahau? Ulilalamika nakoroma."

"Na mimi natoka zamu ya usiku," kaka akasema, akivuta kola ya sare yake. "Hata kunawa sijanawa."

Huko nje watu wa gati walikuwa wamechoka kucheka, sasa walipiga makofi kwa pamoja na kuimba: "Na-ho-dha! Na-ho-dha!"

Mzee akavuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.

"Punguza sauti, mwanangu," akanong'ona. "Watasikia. Ya leo ni mimi."