Pengo la Wapagazi

Mara ya tatu bibi aliponyamaza katikati ya wimbo, Fakhria, aliyekaa kwenye mashine ya sauti, alishindwa kuvumilia.

"Bibi, hilo pengo lizibe. Watu watadhani mitambo imekufa."

"Hapo si pangu, mjukuu wangu," bibi alisema kutoka jukwaani. "Mimi nauliza tu. Wanaoitikia ni wapagazi."

Wimbo ulikuwa wa misafara, na wapagazi wa Tabora walikwisha zamani. Alasiri ile uwanja wa Mtendeni ulikuwa mtupu, tamasha bado. Nyuma ya bibi lilining'inia bango la lebo ya muziki ya Fakhria, Thani Rekodi, yenye jina la babu wa babu yake aliyesafirisha pembe za ndovu hadi pwani kwa misafara.

Fakhria alizima maiki zote isipokuwa ya bibi, akabana hedifoni masikioni mpaka sponji zikalowa jasho.

"Mnambebea nani?" bibi aliimba, akafunga mdomo.

Taa za mashine zilipanda kutoka kijani hadi nyekundu. Masikioni mwa Fakhria wanaume wengi walihema, mizigo ikatua chini kwa kishindo, kisha wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti za watu waliochoka.

Walitaja jina lililokuwa kwenye bango.