Rangi ya Sare

Karatasi ya kumi na tisa nayo ilikataa. Apolonia aliipeleka mlangoni kwenye jua, akailaza juu ya kipande cha kitambaa alichokipata kwa fundi Lusia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kompyuta.

Mtu angemwona angedhani anampenda sana bibi harusi. Alikuwa anamchukia, tena kwa moyo wote, na mwenyewe alilijua hilo.

Bibi harusi alikuwa Joyness, mtoto wa mama yake mdogo. Joyness alipopata kazi Mbeya, Apolonia ndiye aliyempa namba ya Ezron, mchumba wake, amsaidie kutafuta chumba. Ezron alikuwa amebakiza barua ya posa tu. Chumba kilipatikana. Barua nayo ikaja hapa hapa Mlandege, ila ilishukia nyumba ya pili, kwa mama mdogo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lililomkata maini zaidi ni simu iliyofuata. "Dada, Ezron anasema hata nikiwa katikati ya wanawake mia, gizani, yeye ananiona mimi tu," Joyness alimwambia huku anacheka. "Sasa mimi nifanyeje?" Halafu, kwenye simu hiyo hiyo, akamwomba amtengenezee kadi za sendoff, sherehe ya kumuaga nyumbani, kwa kuwa dada anachora vizuri kwenye kompyuta na printa anayo nyumbani.

Apolonia alikubali. Ukoo mzima ukamsifu kwa roho yake nzuri.

Kadi zenyewe hazikuwa za mwaliko peke yake. Kamati ilikuwa imegombana wiki mbili kwenye kundi la WhatsApp kuhusu rangi ya sare, maana buluu ya simu ya huyu ilikuwa kijani kwenye simu ya yule. Mwishowe wakakata shauri: simu ziwekwe pembeni, rangi ya sare ni ile iliyo kwenye kadi. Kila mama, awe wa Ilula au wa Igowole, aende na kadi yake dukani, ailaze juu ya jora, anunue kinacholingana. Bibi harusi angevaa gauni lake, lililokuwa likishonwa kwa siri. Hata mama yake hakuwa ameliona.

Mama mdogo alikuja na wasiwasi wake. Printa ile aliijua. Buluu iliitoa inavyotaka yenyewe, mara nyingine ikakaribia zambarau. Alikaa, akakataa chai, akasema lililomleta.

"Mwanangu, najua roho inakuuma. Ila usituaibishe kwa rangi."

"Mama mdogo, haitatoka hapa kadi isiyolingana na kitambaa."

Apolonia alikuwa anasema kweli. Alipunguza mwanga wa kompyuta, kwa sababu kioo kina taa nyuma yake na karatasi haina. Alisafisha printa mpaka ikaacha kuchora michirizi. Aliziweka kando karatasi za kung'aa, akachukua zile nzito zisizong'aa. Kila jaribio aliliacha likauke mpaka kesho yake ndipo alipolihukumu, maana wino mbichi ni muongo. Kile kitambaa kilikuwa na ushanga mmoja mdogo umeshonewa. Aliung'oa kilale vizuri juu ya karatasi, akautunza kwenye kikopo cha pini.

Kwenye jaribio la thelathini na moja, karatasi na kitambaa vikawa kitu kimoja. Alivitazama kwa jua la asubuhi, akavitazama tena kwa jua la jioni. Hakuona tofauti.

Siku hiyo hiyo alimtumia Joyness faili lile lile kwa simu. Jibu lilikuja kabla hajakaa: "Buluu imetulia, dada. Piga zote."

Mama mdogo alipokuja kuzichukua zile kadi mia na ishirini, aliigeuza moja dirishani, akaigeuza tena, akauliza kama Joyness ameiona. Apolonia akampa simu asome mwenyewe. Basi, mwenye shughuli alikuwa amesharidhika, na kamati ilikuwa imeshasema kinachofuatwa ni kadi. Zikasambazwa.

Siku ya sendoff Joyness alishinda saluni, akaletwa ukumbini watu wakiwa wameshajaa. Apolonia alikaa na wenzake, naye kwenye sare. Mama mdogo alikuja kumkumbatia, machozi ya furaha yakimtoka. Maisha yake yote hakuwahi kuona sare iliyokubaliana hivyo. Wanawake mia na ishirini, kutoka maduka ya miji mitatu, na wote zambarau moja.

Mshereheshaji alitaka taa zipunguzwe, akina mama wakampokee binti yao mlangoni kwa vigelegele. Wakaenda wote wakicheza, wakamzunguka, wakamwingiza katikati yao. Kisha mshereheshaji akamwita Ezron.

"Bwana harusi, tumesikia wewe mwenzako unamjua hata gizani. Haya, kamchukue."

Ukumbi ukacheka. Ezron naye akacheka, akakunja mikono ya koti, akaingia katikati ya wanawake.

Joyness alikuwa amesimama hajui aangalie wapi, ndani ya gauni la zambarau lililotiwa shanga ndogo kifuani, gauni lililotoka kwa fundi Lusia asubuhi ile. Alijaribu kuita, vigelegele vikammeza.

Apolonia alifumba kiganja juu ya ushanga mmoja, akatazama. Ezron alikuwa anampita Joyness kwa mara ya pili.