Bomba Kwenye Buti

Mkaguzi wa magari alilitambua gari lile kabla halijasimama. Ndilo lililokuwa likinguruma kila asubuhi chini ya dirisha la wodi alimolazwa mama yake. Siku aliyoshuka kumsihi mwenye gari apunguze kelele, yule bwana alicheka.

"Mama akitaka kimya, ahamie makaburini."

Mama alihamia kabla ya Ijumaa.

Leo gari lilikuwa pole kama paka. Mkaguzi alishika kipima sauti nyuma yake, bwana akakanyaga mafuta, na kelele haikukaribia hata kikomo cha sheria.

Kofia na vizibo vikubwa vya masikio vilimficha mkaguzi sura. Bwana akamkonyeza.

"Bomba hili la moshi ni la kuazima tu, dada. Langu liko kwenye buti. Nikitoka hapa nalirudisha."

"Fungua buti."

Bomba lilikuwa limeviringishwa kwenye taulo kama kichanga, limeng'arishwa, matumbo yake yote yametolewa ili lipige kelele. Bomba la namna hiyo, sheria ilimruhusu mkaguzi kuliharibu papo hapo. Mkaguzi alilibana mezani, akavua kofia na vizibo, akamkazia bwana macho.

Bwana alimtazama vizuri.

"Kumbe ni wewe, wa kule wodini! Dada yangu, yaishe basi. Mimi ni mtu wa utani tu." Akatafuta neno la kumlainisha. "Mama anaendeleaje?"

Mkaguzi aliwasha mashine ya kukatia vyuma, akaikandamiza kwenye bomba polepole, bila haraka yoyote.