Tuisheni ya Shemeji

Rahimu alifuta "many" daftarini, akaandika "some".

"Hivi, shemeji?"

"Hivyo hivyo," alijibu Hasina, akamtilia vema kubwa. Alikuwa amemfundisha uongo, na roho yake ilikuwa kwatu.

Makorora nzima ilimjua Hasina kwa tuisheni ya Kiingereza. Chuoni alisoma pia mantiki, na huko ndiko alikochota sumu yake. Wenye mantiki hawana habari na "few" wala "many". Kwao mmoja ni "some", mia ni "some", na hata wakiwa wote bado ni "some". Ukijibu hivyo kwenye mtihani wa Kiingereza, umekwisha. Miezi mitatu alimlisha Rahimu hayo, kijiko kwa kijiko.

Wala hakumwonea. Rahimu huyu ndiye aliyempa talaka Nasma, mdogo wake Hasina, akamrudisha kwao na begi moja, akabaki Tongoni na binti yao, Sabra. Nasma humwona mwanawe Idi kwa Idi. Leo bwana huyo huyo anabisha hodi bila haya: kuna usaili wa Kiingereza Septemba, na maneno ya idadi ndiyo yanayowaangusha wengi.

"Nieleze taratibu," Rahimu aliomba, "kama unamweleza mtoto."

Hasina alimweleza taratibu. Kila wiki zoezi la nyumbani lilirudi limejibiwa lote, na jioni alicheka peke yake jikoni, akimwona Rahimu mbele ya mabwana wenye tai, jasho likimtiririka.

Septemba ikapita. Asubuhi moja Nasma aliingia, akakaa sakafuni na baibui lake, macho mekundu.

"Rahimu kanipigia. Matokeo yametoka," alisema. "Kafeli."

"Acha afeli," Hasina alisema, na utamu wa maneno hayo aliusikia hadi kooni. "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Angalau leo umelipiziwa, mdogo wangu."

Nasma alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Nilipiziwe kwa mwanangu, dada? Aliyefeli ni Sabra. Baba yake alikubali: akipata shule hii ya hapa mjini, ahamie kwangu moja kwa moja. Mimi ndiye niliyemkataza Rahimu asiseme kwa mtu, hata kwako, jambo lisije likapatwa na kijicho. Kila ulichomfundisha, akifika Tongoni alimfundisha mtoto."